Kopo la dawa la safari ya siku nne, Lushoto mpaka Mtae

Kopo langu la dawa ni la Blue Band, lile la kilo moja. Kifuniko kinabana, maji hayaingii, na likidondoka kwenye jiwe halipasuki. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 nimezoea makopo, na sijajuta. Nalibeba juu kabisa kwenye begi, chini ya koti la mvua, na asubuhi ya kwanza, kabla hatujatoka Lushoto mjini, nawaonyesha wote ninaowaongoza liko wapi. Nikianguka mimi, mwingine ajue pa kulichukua.

Ni mwaka wa 11 sasa naongoza watu kwa miguu katika Usambara hii ya magharibi, mara nyingi njia ya siku nne: Magamba, Lukozi, Rangwi, hadi Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi inaonekana chini. Wanaotaka kwenda wenyewe huniuliza wabebe dawa gani, nami huwauliza: pale mtakapokuwa, ni mwendo wa saa ngapi mpaka kwa mtu anayejua tiba kuliko ninyi? Huku kwetu vijiji vimekaribiana. Sehemu nyingi ni saa moja mpaka tatu kufika kwenye zahanati au kwenye barabara inayopita bodaboda. Kwa hiyo kopo langu lina kazi mbili: mtu aendelee kutembea, au atulie salama mpaka tumkabidhi kwa mhudumu. Kitu kisichofanya moja kati ya hizo hakiingii. Ukienda kulala porini mbali na watu, hesabu inabadilika na kopo linakuwa kubwa. Lakini anza kwa kuhesabu saa, ndipo uende dukani.

Miguu ndiyo inayonipa kazi kuliko kitu kingine chochote. Mwaka wangu wa pili nilimwongoza binti mmoja mwanafunzi kutoka Dar aliyekuja na buti mpya. Mvua ya vuli ilitunyeshea tangu Magamba. Plasta zangu nilikuwa nimeziweka kwenye boksi lake la karatasi, mfuko wa pembeni wa begi, na zilipohitajika zilikuwa uji. Tulipofika Lukozi ngozi ya kisigino ilikuwa imetoka yote. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, akanijibu, "Dada, nilidhani patapoa." Alimaliza safari kwa kandambili na soksi mbili mbili, kila mteremko akiuma meno. Lilikuwa kosa langu kuliko lake. Mimi ndiye niliyepaswa kusimamisha watu baada ya saa moja ya kwanza na kuwaambia wavue viatu.

Kwa hiyo cha kwanza kununua ni plasta ya roli ya kitambaa, ile inayotumika hospitalini kushikilia bandeji, yenye upana wa sentimita mbili na nusu au tano. Plasta ndogo ndogo za kidonda cha kisu hazikai kwenye kisigino chenye jasho. Mguu ukianza kuwaka moto, kabla ya lengelenge kutokea, kausha ngozi, kata kipande, zungusha pembe zake kwa mkasi ziwe duara (pembe kali hukwama kwenye soksi na kubanduka), bandika bila mikunjo. Lengelenge dogo liache, ngozi yake ndiyo bandeji bora. Likiwa kubwa na linamzuia mtu kutembea, safisha kwa sabuni na maji, futa sindano kwa spiriti, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, kamua maji taratibu, ngozi usiitoe, weka gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda), kisha plasta juu. Mwenye kisukari usimtoboe. Huyo mfunike na umpeleke zahanati hata kama lengelenge ni dogo kama punje ya harage.

Roli hiyo hiyo inatoa upupu. Ukipita kwenye vichaka na vinyweleo vikakushika, usijikune. Bandika plasta juu ya ngozi, vuta, rudia kwa kipande kipya, kisha osha. Ndiyo maana nanunua roli mbili.

Baada ya miguu, tumbo. Nabeba pakiti sita za ORS, unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa muhimu ni za lita moja ya maji, lakini soma maandishi, kwa sababu zipo pia za nusu lita. Pima maji kwa chupa unayoijua ujazo wake. Ukikadiria kwa macho, chumvi itazidi au itapungua. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kufutwa juu, si vya mlima. Dawa ya kufunga tumbo, loperamaidi, nabeba vidonge vichache kwa ajili ya mtu anayelazimika kukaa saa tano kwenye basi. Hapewi mwenye homa wala mwenye damu kwenye choo. Damu ni zahanati siku hiyo hiyo. Dawa ya kutibu maji nayo inakaa humu, na hapo pia soma paketi, kwa kuwa kuna kidonge cha lita 20 na kuna cha lita moja.

Maumivu: parasetamoli ya miligramu 500, ambayo wengi tunaiita Panadol tu. Mtu mzima vidonge viwili kila baada ya saa sita, asizidishe vinane kwa saa 24. Muulize kwanza kama amekunywa dawa ya mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani yake na watu hujizidishia bila kujua. Ibuprofeni ni nzuri kwa goti la mteremko, ila baada ya chakula, na si kwa mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, mwenye figo mbovu, mwenye pumu, wala aliyeishiwa maji kwa kuharisha. Setirizini ya miligramu 10, kimoja kwa siku, kwa muwasho na vipele.

Kapsuli za rangi mbili, zile antibayotiki ambazo watu hununua bila cheti, "ziwepo tu", sizibebi. Sijui mdudu gani namuua, na zahanati iko saa mbili mbele. Dawa mseto ya malaria vilevile siigawi kwa kubahatisha. Hapa kuna jambo nataka ulishike: homa ya malaria haiji siku mbu alipokuuma, huchukua siku saba au zaidi. Anayepata homa Rangwi siku ya pili, kama ni malaria, ameitoa chini, Dar au Tanga au popote alipokuwa wiki zilizotangulia. Usimwambie "huku mlimani hakuna mbu, ni baridi tu". Mpe parasetamoli, maji, na umfikishe penye kipimo.

Kuteguka kunakuja na mvua. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na mashamba yako kwenye miinamo. Beba bandeji mbili za kuvutika, za sentimita saba na nusu au kumi. Anza kufunga karibu na vidole, panda juu kupita kifundo, nusu ya upana ikilalia nusu. Kisha bonyeza ukucha: ukiwa mweupe na rangi ikachelewa kurudi, au vidole vikifa ganzi, umekaza mno, fungua. Asipoweza kukanyaga hata hatua nne, mhesabu amevunjika mpaka picha ya eksirei iseme vinginevyo, na usimlazimishe atembee kwa moyo wa ushujaa.

Khanga naibeba nje ya kopo, doti nzima, na kama ungenilazimisha nichague kitu kimoja humu ningechukua hiyo. Inabeba mkono uliovunjika shingoni. Inafungia mguu kwenye fimbo mbili. Inakuwa kivuli, pazia la kumsitiri mtu anayetibiwa njiani, shuka la mwenye baridi. Wazee wetu walishusha wagonjwa milima hii kwa machela ya miti na nguo, na siku barabara imekatika kwa maporomoko bado tunafanya hivyo.

Kwa vidonda: gozi safi za pakiti kumi, glavu jozi tatu, mkasi, kibano cha kutolea miiba na kupe, pini nne, iodini chupa ndogo, spiriti chupa ndogo. Spiriti ni ya mikono yako, mkasi na sindano. Ukiimwaga ndani ya kidonda unamtesa mtu na unaunguza nyama iliyo hai. Kidonda kinataka maji mengi safi ya kunywa: toboa kifuniko cha chupa kwa sindano, kamua, maji yatoke kwa nguvu yasukume mchanga. Damu ikitoka sana, gozi, kiganja juu, bana dakika kumi kamili ukitazama saa, bila kuchungulia kidonda. Ikilowa, ongeza nyingine juu, usibandue ya chini. Pedi za kike nazo nabeba nne, kwanza kwa kazi yake, maana siku huja mlimani bila kuagana na mtu, na pia zinanyonya vizuri zikiwekwa juu ya gozi.

Nyoka kila mtu ananiuliza, na jibu langu huwasikitisha: hakuna dawa ya nyoka ya kubeba kwenye kopo. Sumu yake inatibiwa hospitali, na mtu akiangaliwa kwa karibu. Unachofanya njiani ni kumtuliza aache kutembea, kuvua pete, bangili na viatu kabla hajavimba, kufunga kiungo kisichezecheze kwa fimbo na khanga, kuandika saa, na kutafuta watu wa kumbeba. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipoteze muda na jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu. Nyuki pia: ng'oa mwiba upesi kwa ukucha. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, setirizini haitoshi, ni kukimbilia hospitali. Mwenye kujijua ana mzio huo aje na sindano yake aliyoandikiwa na daktari, na anionyeshe inavyotumika.

Hilo linanipeleka kwenye maswali ya jioni ya kuamkia safari. Nazungumza na kila mtu peke yake, pembeni: "Kaka, kuna dawa unayokunywa kila siku?" Mbele ya wenzake hatasema presha wala kisukari, wala kifafa. Mwenye dawa nampa masharti: nusu abebe yeye, nusu iingie kwenye kopo langu ikiwa na jina lake. Begi likitumbukia mtoni, dozi haiishi.

Sasa kulipanga. Chini kabisa vidonge, kila aina kwenye pakiti yake yenye jina na tarehe ya kuisha. Usimwage vidonge vyeupe kwenye kichupa kimoja, usiku kwa tochi vyote vinafanana. Katikati bandeji na chupa, zimesimamishwa, vifuniko vimezungushiwa plasta. Juu kabisa glavu, gozi na roli ya plasta, kwa sababu damu na miguu havingojei. Ndani ya kifuniko nimebandika kadi: namba za simu za zahanati za njiani, namba 112, na sehemu ninazozijua zina mtandao. Kuna mabonde huku simu inakufa kabisa, na bora uwe unajua ni kilima kipi cha kupanda. Penseli, si kalamu, kwa kuwa penseli inaandika hata karatasi ikiwa na unyevu. Kila nikimpa mtu dawa naandika jina, dawa, kiasi, saa. Karatasi hiyo ndiyo naikabidhi zahanati pamoja na mgonjwa.

Tukifika Mtae, watu wakikaa ukingoni kutazama jua likishuka upande wa Upare, mimi nafungua kopo na kuhesabu kilichopungua. Basi la kurudi linaondoka alfajiri, na nikishafika nyumbani nitasahau.