SOMO: Kuunganisha nyumba ya kisasa na rangi za dhahania ukutani (Mtwara na Lindi)

Maswali haya yananijia kila mara, kwa hiyo nayajibu hapa. Somo linahusu nyumba mpya za paa lililofichwa, zenye madirisha mapana ya alumini na kuta tupu, na jinsi ya kuzichora kwa dhahania, yaani maumbo na rangi tu bila sura ya mtu au kitu.

1. Piga picha ukuta asubuhi, mchana na jioni uone vivuli.

2. Mchoro uzaliwe na jengo. Endeleza mstari wa juu wa dirisha mpaka kwenye kona. Kivuli cha kibaraza kiwe mpaka wa rangi mbili. Usijaze ukuta wote, nyeupe nayo ni rangi.

3. Ziba nyufa, piga msasa, futa vumbi.

4. Plasta ikomae. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Saruji mbichi ni kali mno, pH yake (kipimo cha asidi na alikali) hufika 12 hadi 13. Rangi ya mafuta ikiigusa hugeuka sabuni, inalainika na kubanduka. Subiri siku 28, na masika subiri zaidi. Kisha bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa tepu, ukiache usiku kucha. Ukikuta matone nyuma yake, USIPAKE. Na kama fundi alitumia mchanga wa baharini, chumvi itaendelea kuvuta unyevu na kutoa unga mweupe. Plasta hiyo ibanduliwe.

5. Paka praima (rangi ya msingi) ya kuzuia ukali wa saruji, halafu rangi ya maji ya nje.

6. Hamisha mchoro kwa miraba: gawa karatasi na ukuta kwa miraba sawa, unakili mmoja mmoja. Tepu uliyobandika kwenye mipaka ya rangi, ibandue wakati rangi bado mbichi.

MASWALI

Mdau wa Lindi: Plasta ina wiki moja, naweza kuanza?
– Hapana. Hatua ya 4.

Mdau wa Lindi: Fundi anasema rangi ya mafuta haina shida.
– Nimeeleza sababu. Isome kwanza.

Binti wa Newala: Shikamoo mwalimu. Nataka rangi zenye asili ya kwetu, ila sitaki kuchora wanyama.
– Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Tazama kazi za mchoraji George Lilanga, mzaliwa wa Masasi. Viumbe wake wamebanana, kila kimoja kina rangi bapa inayopiga kelele kwa jirani yake. Waondoe viumbe, ubaki na ule mbanano. Rangi zichukue kwenye bibo jekundu na la njano, na udongo mwekundu wa huko juu kwenu.

Binti wa Newala: Hazitapauka?
– Nyekundu na njano za oksidi ya chuma, ile inayoupa udongo rangi yake, hustahimili jua. Waridi na zambarau nyingi hazidumu. Kwetu, tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la mchana liko kaskazini, hivyo ukuta wa kaskazini upe rangi za udongo.

Mdau wa Mikindani: Na nyumba yetu ya zamani ya mawe ya matumbawe?
– Kaka, hiyo usiipake rangi ya plastiki (ile ya maji ya hatua ya 5), unyevu utafungiwa ndani. Tumia chokaa iliyochanganywa na unga wa oksidi, tabaka nyembamba nyembamba, na ukuta uwe umeloweshwa kidogo.