Namna ya Kusoma Utafiti Kuhusu Uchafuzi wa Ndege

Kabla ya kutazama tarakimu yoyote katika ripoti ya utafiti kuhusu usafiri wa anga, jiulize kwanza mtafiti alipima nini hasa, na alipimia wapi. Moshi uleule wa injini huathiri tabianchi ya dunia nzima na pia mapafu ya watu wanaoishi jirani na uwanja wa ndege, lakini vipimo vya jambo la kwanza havijibu maswali ya jambo la pili.

Kwa upande wa tabianchi, anza na hewa ukaa, ambayo hesabu yake ni nyepesi: kila kilo 1 ya mafuta ya ndege inapoungua hutoa takriban kilo 3.16 za hewa hiyo. Ripoti ikitaja mafuta yaliyotumika, zidisha mwenyewe uone kama jibu lako linalingana na lao. Kisha angalia kama waandishi wameishia hapo, kwa sababu oksidi za nitrojeni na ile mistari myeupe ya barafu inayoachwa na ndege huongeza joto pia. Mstari ukipita penye hewa kavu hutoweka mara moja; ukipita penye hewa baridi iliyojaa unyevu, hutanuka ukawa wingu jepesi linalozuia joto la ardhi lisitoke. Mchana wingu hilo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua angani, ilhali usiku kazi yake ni kuzuia joto tu, kwa hiyo tafuta kama saa za safari zimezingatiwa. Makadirio ya athari hii bado yanapishana sana, na binafsi siiamini ripoti inayotoa tarakimu moja bila kuonyesha kiwango cha chini na cha juu.

Kuhusu ubora wa hewa, tulia zaidi, maana hapa ndipo wasomaji wengi hupotoshwa bila kujua. Injini za ndege hutoa chembechembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya nanomita 100, ambazo uzito wake ni hafifu kiasi kwamba kipimo cha PM2.5, yaani cha chembechembe zote za hewani zenye upana usiozidi mikromita 2.5, kinachotegemea uzito, kinaweza kuonyesha hewa safi huku chembechembe zenyewe zikiwa tele. Tafuta basi utafiti uliohesabu idadi yake. Uliofanyika Los Angeles na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta idadi hiyo imeongezeka angalau maradufu hadi kilomita 16 kutoka uwanjani, upande ule upepo unakoelekea.

Mwisho, kagua upepo na barabara. Magari nayo hutoa chembechembe, hivyo utafiti makini huonyesha kama viwango hupanda upepo unapotoka kwenye njia ya kurukia na hushuka safari zinapopungua. Vipimo vya wiki moja, vilivyochukuliwa upepo ukivuma upande mmoja tu, havitoshi kuwaambia wakazi wa upande wa pili kwamba hewa wanayovuta wao na watoto wao ni salama.