Kuifanya Njia ya Miguu Ipitike kwa Pikipiki: Mwongozo kwa Vijiji vya Milimani

Katika milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, viazi, kabichi na matunda huvunwa kwenye mabonde ambayo gari haliyafikii. Mzigo hupandishwa kichwani hadi barabarani, na huko mnunuzi hupanga bei akijua fika kwamba mwenye mali hataurudisha nyumbani. Bodaboda imebadilisha hesabu hiyo kila ilikopenya, ila mara nyingi huishia pale njia inapokuwa nyembamba au utelezi unapoanza. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukisaidia kitongoji kimoja cha huko kutengeneza njia yake kwa majembe, sururu na nguvu za wanakijiji wenyewe, na unahusu mazingira ya namna hiyo: udongo mwekundu wa mfinyanzi, miteremko mikali, na mvua za vuli na masika. Anayetaka gari lipite aanzie TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kwa sababu hiyo ni kazi nyingine yenye gharama nyingine.

Hatua ya 1: Ridhaa ya wenye mashamba

Njia ya miguu huwa na upana wa nusu mita hivi, ilhali pikipiki yenye magunia inahitaji si chini ya mita 1.5. Tofauti hiyo hutoka kwenye shamba la mtu. Jambo lipitishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuandikwa katika muhtasari, kisha vigingi vipigwe mwenye shamba akiwapo. Makubaliano yataje pia mahali maji yatakapotolewa, kwa sababu ugomvi mwingi huzuka juu ya maji kuliko juu ya ardhi yenyewe.

Hatua ya 2: Kupima mteremko

Kwenye udongo mtupu lenga mteremko wa asilimia 8 hadi 10, yaani kupanda mita 1 au pungufu kwa kila mita 10 za mwendo, na usivuke asilimia 12. Pikipiki inaweza kupanda zaidi ya hapo wakati wa kiangazi, lakini tairi linalozunguka bila kushika ardhi huichimba njia, na mvua humalizia kazi iliyobaki.

Wapo wanaopima kwa programu za simu. Mimi sizitumii, kwani kimo kinachosomwa na simu hukosea hata kwa mita kadhaa, na sisi hapa tunatafuta sentimita. Fremu A, ileile ambayo mabwana shamba huitumia kupima makinga maji, inatosha na haina gharama. Unganisha miti miwili ya urefu sawa kileleni, tanua miguu yake hadi mita 2 kamili, kaza mti wa tatu katikati, kisha ning'iniza uzi wenye jiwe zito kutoka juu. Simamisha fremu, weka alama pale uzi unapougusa mti wa kati, geuza miguu ibadilishane nafasi palepale, weka alama ya pili; nusu ya nafasi kati ya alama hizo ndipo penye usawa. Ili kupata mteremko wa asilimia 8, funga kipande cha mti chenye kimo cha sentimita 16 chini ya mguu wa upande unaoteremkia. Uzi ukitulia kwenye alama ya usawa, piga kigingi na usonge mbele. Kwa asilimia 10, kipande kiwe cha sentimita 20.

Pale njia ya zamani inapopanda mlima moja kwa moja, iacheni, mkate mpya kwa kukingama na mlima. Kwenye kona za kugeukia pawekwe uwanda wa karibu mita 4, usio na mteremko mkali. Njia iliyoachwa ipandwe majani ya gwatemala au vetiva mara moja, la sivyo itageuka korongo.

Hatua ya 3: Kufyeka na kuchimba

Hapa wanakijiji hawahitaji mwalimu. Nasisitiza jambo moja tu: upana wote upatikane kwa kuchimba kuingia mlimani, na udongo uliotupwa upande wa bonde usihesabiwe kuwa sehemu ya njia, kwa kuwa hutitia mvua za kwanza tu.

Hatua ya 4: Kuyatoa maji njiani

Njia nyingi hufia katika hatua hii, na hufa kwa sababu watu hupanua kwanza halafu ndipo huulizana maji yaende wapi. Njia iliyopanuliwa hukusanya maji mengi kuliko ya zamani, na maji hayo yakishateremka umbali mrefu bila kutolewa, huchimba mfereji katikati, palepale tairi linapopita. Kumwaga changarawe juu ya njia isiyotoa maji ni kupoteza fedha, hata kama mfadhili amezitoa kwa moyo mweupe.

Anza kwa kuangalia kama njia imezama chini ya usawa wa mashamba ya pande zote mbili. Ikiwa imezama, hakuna ujanja wa kuyatoa maji. Ama ijazwe na kuinuliwa, ama ihamishwe. Mimi huchagua kuhamisha kila inapowezekana, kwa sababu udongo wa kujazia unaoonekana mgumu wakati wa kiangazi huwa tope wakati wa masika.

Penye nafasi, uso wa njia uinamie kidogo upande wa bonde, sentimita 5 kwa kila mita ya upana. Usizidishe: mfinyanzi uliolowa na kuinama sana huivuta pikipiki yenye mzigo kuelekea genge. Kwa hiyo kuinamisha peke yake hakutoshi, na ndipo yanapohitajika makinga maji ya kukatiza njia.

Mazoea ni kulaza gogo kwa mshazari. Kwa mtembea kwa miguu halina neno, lakini kwa pikipiki ni mtego. Gogo lililolowa na kumenyeka gome hulitelezesha gurudumu la mbele la pikipiki kufuata urefu wake, na utamwona dereva akishusha miguu yote miwili kabla hajalifikia. Badala yake tengeneza bonde dogo la mlalo: shusha njia taratibu kwa mita 3 au 4, kisha ipandishe kwenye tuta lenye kimo cha sentimita 25 hadi 30 kutoka kilindini, halafu iendelee na mteremko wake. Tairi halikutani na ukingo wowote, na maji hayana nguvu ya kuvuka tuta.

Tuta lijengwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja likishindiliwa peke yake. Udongo uwe na unyevu wa kiasi: ukiufinya kiganjani ushikane bila kukuachia maji. Kilindi kiinamie bondeni, na mdomo wa kutolea maji uwe na upana wa nusu mita au zaidi, kwani mdomo mwembamba huzibwa na majani baada ya mvua moja. Chini ya mdomo panga mawe, tena maji yatoke kwenye majani au mwamba, kamwe si kwenye matuta ya viazi ya jirani.

Kuhusu nafasi kati ya bonde na bonde, kwenye mteremko wa asilimia 5 mita 40 zinatosha; kwenye asilimia 8 hadi 10, mita 20 hadi 25; kwenye asilimia 12, mita 15. Palipo na chemchemi au maji ya shamba yanayoingia njiani, weka bonde hapo hapo bila kujali hesabu hizo. Kisha mwaga ndoo kadhaa za maji juu ya kila tuta na uyafuate. Hata hivyo jaribio la kweli ni kuitembea njia mvua ikiwa inanyesha, ukiwa na jembe mkononi.

Hatua ya 5: Sehemu zisizoepukika

Pale mwamba au nyumba inapolazimisha mteremko wa kuzidi asilimia 12, panga mawe yakisimama wima, vichwa vikikwaruza, au mimina zege lenye upana wa mita 1 na mikwaruzo ya kukingama. Usimimine zege laini lililopigwa pasi.

Hatua ya 6: Vijito

Kama kijito kina kina kifupi, sakafu ya mawe inatosha. Kwenye daraja la mbao, mbao zipigwe kukingama na mwendo. Zikilazwa kufuata urefu wa daraja, hujikunja, nafasi kati yake hupanuka, na siku moja tairi huingia humo.

Hatua ya 7: Matunzo

Gawanya njia kwa vipande, kila kaya ya karibu ipewe mabonde yake kwa jina. Kabla ya vuli na kabla ya masika midomo izibuliwe na matuta yaliyopungua kimo yaongezwe. Madereva wa bodaboda washirikishwe, kwani wao huona tuta limekatika kabla ya mtu mwingine yeyote, na chepeo moja ikae kijiweni kwao.