Kuvisha daftari kitambaa bila kuukaza mgongo

Daftari lolote lenye jalada gumu linafaa, isipokuwa lile la waya za mviringo. Andaa kitambaa cha pamba cha uzito wa wastani, gundi nyeupe, brashi bapa, mkasi mkali, rula, pasi, na karatasi mbili ngumu kidogo za bitana, yaani za kufunika upande wa ndani wa majalada. Kitambaa kinachovutika kama cha fulana sikishauri kabisa. Kinatanuka ukikibandika, halafu kinaacha mawimbi.

1. Fua kitambaa, kikaushe, ukipige pasi. Kama kina maua au mistari, amua mapema juu ni wapi.

2. Pima daftari likiwa limefungwa. Hatua hii ndiyo inayoamua kazi yote. Zungusha tepu ya fundi cherehani kutoka ukingo wa jalada la mbele, upite mgongoni, hadi ukingo wa jalada la nyuma, kisha ongeza sentimita 3 kila upande, juu na chini pia. Jalada la sentimita 15 kwa 21 lenye mgongo wa sentimita 2 linahitaji kitambaa cha 38 kwa 27. Daftari likifungwa, kitambaa kina safari ndefu zaidi ya kuuzunguka mgongo. Ukikibandika daftari likiwa wazi, kitapendeza hivyo hivyo lilivyo, lakini siku ya kulifunga kitavuta majalada, na ama gundi itabanduka au jalada litapinda.

3. Paka gundi kwenye jalada la mbele, si kwenye kitambaa. Iwe nyembamba, isambae hadi kingo. Ikiwa nyingi au yenye maji mengi hupenya na kuacha doa upande wa nje, na doa hilo halitoki. Laza kitambaa, kisha kisugue kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje.

4. Pitisha kitambaa mgongoni bila gundi na bila kukikaza, daftari likiwa bado limefungwa, ndipo ubandike jalada la nyuma. Mgongo mimi huuacha huru ili kitambaa kipate nafasi ya kucheza kila daftari linapofunguliwa.

5. Juu na chini ya mgongo, chana pindo mara mbili, pande zote mbili za mgongo, ukiishia milimita 2 kabla ya jalada. Utapata kipande kama ulimi. Kikunje kwa ndani, kilale kati ya kitambaa na mgongo, ukishike kwa tone la gundi.

6. Kata kila pembe ya kitambaa kimshazari, ukiacha milimita 4 kutoka ncha ya jalada. Usikate karibu zaidi. Nyuzi zitafumuka na kadibodi itachungulia. Kunja na kubandika mapindo ya juu na chini kwanza, bonyeza kwa ukucha kisikio cha kitambaa kinachobaki kwenye pembe, ndipo ukunje la ubavuni.

7. Kata bitana iwe ndogo kuliko jalada kwa milimita 3 pande tatu. Ubavu wa nne usogee hadi karibu na mgongo bila kuingia kwenye mkunjo. Bandika.

8. Weka karatasi ya plastiki kati ya kila jalada na kurasa ili unyevu usizikunje, funga daftari, ligandamize kwa vitabu vizito usiku kucha. Usilifungue kuchungulia kabla halijakauka: gundi mbichi huteleza, na bitana ikishahama hairudi ilipokuwa.