Kabla ya kuondolewa uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini

Wagonjwa wengi wa upasuaji huambiwa wasile kitu tangu usiku wa manane. Kwako wewe agizo hilo lina hatari. Uvimbe hauachi kumwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa sababu hujala, na sukari inaweza kuporomoka ukiwa usingizini. Kwa hiyo usikae na njaa hiyo ukiwa nyumbani. Omba ulazwe mapema, uwekewe dripu ya glukosi, na sukari ipimwe usiku kucha. Ndugu anayekuuguza azijue dalili: jasho la baridi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, ukali wa ghafla. Akiziona amwite muuguzi papo hapo, asingoje zamu ibadilike.

Hakikisha pia kwamba ugonjwa umethibitishwa kwa damu. Wapo waliomeza dawa za kifafa miaka mingi kumbe tatizo ni sukari kushuka. Kipimo chenyewe ni kukaa bila kula hospitalini chini ya uangalizi, hadi saa 72: sukari ikishuka chini ya 3.0 mmol/L huku insulini na C-peptaidi (kitu ambacho kongosho hutoa pamoja na insulini) hazijashuka, jibu linaanza kuonekana. Damu hiyohiyo ikaguliwe kama ina vidonge vya kisukari, mfano glibenklamidi, maana navyo huleta matokeo yaleyale.

Halafu uvimbe utafutwe ulipo. Daktari wa upasuaji Roscoe Graham alipoutoa uvimbe kama huu Toronto, Kanada, mwaka 1929 hakuwa na picha za CT. Leo ipo, pamoja na MRI na ultrasaundi inayopitishwa mdomoni hadi tumboni kwa mpira. Mwingi hauzidi sentimita 2, na kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 si saratani. Muulize daktari: uko karibu na mfereji wa kongosho? Ukiwa mbali, huenda ukachomolewa peke yake. Ukiwa karibu, huenda sehemu ya kongosho ikakatwa, na ikiwa ni upande wa mkia, wengu nao unaweza kuondoka. Hapo chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo zichomwe angalau wiki 2 kabla ya upasuaji.

Kama kwenu kuna watu wenye mawe ya figo yanayojirudia au kalsiamu nyingi kwenye damu, mwambie daktari. Uvimbe wa kurithi huweza kuwa zaidi ya mmoja.

Unatumia diazoksidi, dawa ya kuzuia sukari isishuke? Uliza itaachwa lini; usiiache mwenyewe.

Baada ya upasuaji sukari hupanda kwa siku kadhaa; msishtuke. Bomba la pembeni mwa tumbo lisiharakishwe kutolewa kabla majimaji yake hayajapimwa, kwani kongosho likivuja, hapo ndipo huonekana.