Kupima hali ya msitu kwa uyoga wa magogo

Uyoga mwingi unaoozesha miti hutegemea miti iliyokufa iachwe msituni. Ndiyo maana katika misitu iliyo jirani na Dar es Salaam, kama Pugu na Kazimzumbwi, ambako kuni na mkaa havikosi mnunuzi, unaonyesha upesi kama miti iliyokufa inabaki au inabebwa.

Pata kwanza kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Nenda wiki mbili au tatu baada ya masika kukolea. Kiangazi utakuta tu uyoga mgumu unaodumu miaka, useme msitu ni maskini kumbe umekosea majira.

Pima eneo la mita 100 kwa 20, uchukue alama za GPS kwenye pembe. Andika kila mti uliokufa wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, uwe umelala au umesimama: kipenyo, urefu na uozo. Uozo pima kwa kisu: hakiingii, kinaingia kidogo, au kinazama. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 4 ni mita za ujazo 0.28, kwa eneo hilo ni kama 1.4 kwa hekta.

Sasa uyoga wenyewe. Usihesabu vichwa! Hata 40 kwenye gogo moja huenda ni kuvu mmoja. Hesabu magogo yenye kila aina.

*Pycnoporus sanguineus* ni mwembamba, mwekundu wa machungwa juu na chini. *Schizophyllum commune* ni mdogo, mweupe wa kijivu, na vipande vya chini yake vimepasuka kwa urefu. Yote miwili huvumilia jua na ukavu. Ikitawala karibu kila gogo, shuku kwamba kivuli kimefunguka. Ganoderma, uyoga mgumu kama ubao, peke yake isikudanganye, kwani huota hata kwenye miti hai ya mjini. Orodha za uyoga unaotumika kutambua misitu mikongwe ya Ulaya nazo ziache hukohuko. Hapa linganisha maeneo: magogo manene, yenye uozo wa kila daraja na aina nyingi, dhidi ya vijiti vyenye aina mbili tatu.

Piga picha juu, chini na ubavuni pamoja na rula. Sampuli weka kwenye bahasha ya kaki. Ndani ya nailoni huvunda kabla hujafika Kariakoo. Kausha kwa nyuzi 40 hivi. Tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 5 likigeuza nyama ya kahawia kuwa nyeusi, anza kuutafuta jina katika kundi la Phellinus, uyoga mgumu wa kahawia.

Gogo ulilogeuza lirudishe lilivyolala. Ukirudi mwaka unaofuata, majira yaleyale, andika pia magogo yaliyotoweka na alama za msumeno.