Kabla Kundi Halijapanda Ndege: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayesimamia Wasanii wa Pwani

Kundi la taarab likialikwa Ulaya kupiga na wanamuziki wa huko, mengi yanayolikwaza safarini yangeweza kumalizwa nyumbani, miezi mingi kabla, kwa mazungumzo, karatasi na mazoezi. Ninaandika nikiifikiria Unguja, lakini msimamizi wa ngoma Bagamoyo au wa chakacha Mombasa naye atayakuta yake humu.

La kwanza ni kuhakikisha mwenyeji anajua anamwalika nani. Muziki wetu umevuka bahari siku nyingi. Ikhwani Safaa, kundi la taarab la Unguja, ilianzishwa mwaka 1905. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi, na santuri zao zikarudi kuuzwa pwani nzima. Mwimbaji Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, mwaka 2005, akiwa bibi mzee aliyekwisha kuimba katika nchi nyingi. Mshirika asiyeyajua haya huja na nyimbo zake zimeshapangwa, akatafuta tu mahali pa kupachika kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na dumbaki (ngoma ndogo) ili zilete ladha. Kwa hiyo mtumie historia ya kundi ya ukurasa mmoja, rekodi mbili nzima zisizokatwa, na majina ya wapigaji pamoja na ala zao. Kisha muulize: nyimbo ngapi zitatoka kwetu, ngapi kwenu, na nani ataongoza mazoezi? Akishindwa kujibu, usiharakishe kusaini.

Kabla noti ya kwanza haijapigwa, andikeni pia nani anamiliki nini. Historia ya wimbo wa "Malaika" inatosha kutuonya: umeimbwa na akina Miriam Makeba na Harry Belafonte, ukaenea dunia nzima, na hadi leo mtunzi wake ni nani bado kunabishaniwa. Kwa kila wimbo wa ushirikiano, karatasi ionyeshe nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani kapanga muziki, na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Wimbo wa asili uandikwe hivyo hivyo, kuwa ni wa asili, na jina la aliyeupanga upya likae kwenye mpangilio tu. Nyimbo za kundi zisajiliwe kwenye ofisi za hakimiliki kabla ya safari, COSOZA kwa Zanzibar na COSOTA kwa Bara. Msisahau rekodi za jukwaani. Redio au tamasha likitaka kurekodi onyesho, mkataba useme rekodi ni ya nani, itatumika wapi na kwa muda gani. Wazee wengi katika makundi yetu wamesaini karatasi ambazo hawakusomewa. Ni wajibu wa msimamizi kukaa nao na kuwasomea kila kifungu kwa Kiswahili, na anayetaka kuuliza apewe nafasi ya kuuliza.

Sasa muziki wenyewe, na hapa nitakawia, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama bila kujua kilichowakwamisha. Taarab ya Unguja hutumia maqam za Kiarabu, yaani ngazi za sauti ambazo wimbo hujengwa juu yake, na baadhi yake, kama rast na bayati, zina sauti zinazoangukia katikati ya vitufe viwili vya piano. Mpiga fidla anazipata kwa kidole na mpiga kanuni kwa vile vijiti vidogo vya kando ya nyuzi, lakini piano haina pa kuziweka. Ikipigwa piano juu ya wimbo wa rast, mwimbaji hujikuta anaifuata. Ile sauti ya tatu hupanda kidogo, utamu unatoka, naye anarudi hotelini akidhani koo lake limechoka. Njia za kupita zipo. Chagueni nyimbo za nahawand au ajam, ambazo piano na gitaa zinaziweza bila taabu, au piano inyamaze kwenye rast na kuingia kwenye kiitikio pale tu inapopatana. Kama mshirika ana chelo au besi isiyo na mistari shingoni, furahini, maana hao wataungana nanyi kirahisi. Pelekeaneni rekodi za mazoezi kwa simu miezi miwili kabla, kila wimbo ukiwa na jina la maqam yake na pigo lake. Mpangilio wa vipande nao uandikwe, kwa sababu anayesoma nota anahitaji kujua bashraf, kile kipande cha ala tupu, inaishia wapi, naye mpigaji wetu anahitaji kujua mwenzake atakapokwisha kupiga peke yake.

Hadhira inataka maandalizi ya namna nyingine. Kwetu wimbo ukimgusa mtu atainuka, atacheza polepole hadi mbele na kumtunza mwimbaji, na mwimbaji huusoma ukumbi kwa hizo noti za fedha na vigelegele. Ukumbi wa Ulaya unaweza kukaa kimya wimbo mzima na kupiga makofi mwisho tu. Waambie wasanii mapema, hasa waimbaji, kwamba kimya kile ni heshima ya kule. Kwa upande wa wasikilizaji, mafumbo ya taarab hayafiki kwa kutafsiriwa mstari kwa mstari. Andaeni sentensi mbili au tatu kwa kila wimbo zinazoeleza nani anaambiwa nini na kwa nini hasemi waziwazi, na mwenyeji azisome kabla ya ala kuanza. Kisha watafuteni Waswahili wa mji huo. London, Muscat na miji mingi ya Ujerumani wapo, na wana vyama vyao na makundi yao ya WhatsApp. Mwombeni mwenyeji awatengee tiketi za bei nafuu katika safu za mbele. Wakianza wao kuitikia na kutunza, ukumbi mzima utajua la kufanya.

Viza ni suala la kalenda. Ombi la viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na halipaswi kuwekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie yuro 30,000. Viza hiyo haizidi siku 90 ndani ya siku 180. Marekani ina viza ya P-3 kwa wasanii wa utamaduni mahususi, lakini mwenyeji wa huko ndiye huanza kwa kupeleka maombi yake, kwa hiyo hesabuni miezi. Kanuni hizi hubadilika, basi zisomeni upya kwenye tovuti ya ubalozi husika kila safari. Kinachoangusha watu mara nyingi ni kitu kidogo: mwaliko umeandikwa jina la kisanii wakati pasipoti ina majina matatu ya ukoo, au mzee hana akaunti ya benki na barua ya mwenyeji haisemi nani atamlipia chakula na malazi. Hakikisheni majina yanalingana herufi kwa herufi. Tena amueni mapema kundi litapigaje kama mmoja atanyimwa viza, ili asiyekwenda asihisi ameachwa na waliokwenda wasibabaike.

Ala nazo zina masharti yake. Ngozi ya kenge, inayowambwa kwenye baadhi ya ngoma za ukanda wetu, imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo ngoma hiyo inataka kibali cha kusafirishwa, na pembe za ndovu afadhali zibaki nyumbani kabisa. Mpingo uliingizwa kwenye orodha mwaka 2017, ila tangu mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa sharti hilo. Orodhesheni ala zote kwa picha na thamani, igongwe muhuri wa forodha kabla ya kutoka, msije mkadaiwa ushuru wa vitu vyenu wenyewe mkirudi. Chelo hudai kiti chake kwenye ndege, hivyo ni rahisi zaidi kuazima huko. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na ikitoka kwenye joto la Unguja ikaingia ukumbi wenye hita, zote huhama. Ombeni saa nzima ya kuitega, yaani kuzirudisha nyuzi kwenye sauti zake, kabla ya majaribio ya sauti, na ombi hilo liwe kwenye mkataba.

Kuhusu fedha nasema machache ila kwa mkazo. Ujerumani hukata msanii mgeni kodi ya asilimia 15 pamoja na nyongeza ndogo juu yake, na Marekani kwa kawaida hukata asilimia 30, tena kabla malipo hayajamfikia. Mkataba useme wazi kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi, posho ya kila siku itajwe peke yake, na sehemu ya malipo ilipwe kabla ya safari. Wanakundi wote wajue jumla na mgawanyo. Kundi la miaka mingi linaweza kuvunjika kwa minong'ono ya fedha za safari moja.

Mwisho, dai safari ya kurudisha. Onyesho lililoandaliwa pamoja lipigwe na huku, mbele ya watu wanaoelewa kila fumbo. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja lililoanza mwaka 2004 na ambayo Ngome Kongwe imekuwa ukumbi wake wa siku nyingi, hutaka muziki upigwe moja kwa moja, jambo linalowafaa kabisa washirika wa namna hii, na huwa Februari. Chuo cha muziki cha DCMA kipo hapo hapo Mji Mkongwe, na wanafunzi wake wangenufaika na siku mbili za mazoezi ya pamoja. Maombi ya tamasha hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo safari hiyo ya pili iandikwe kwenye mkataba wa kwanza, ikiwa na mwezi wake na jina la atakayelipia tiketi.